Kombucha ya kutengeneza nyumbani, ya dukani, au tuendelee na togwa?

Mkazi_wa_Njiro: Ndugu zangu, naomba mnisaidie kuamua kabla ya mwisho wa wiki. Jirani amenipa utando wa kombucha, yaani utando wa hamira na bakteria unaochachusha chai yenye sukari, pamoja na kikombe cha chai yake iliyokwisha kuchacha, na anasema kinywaji hiki husafisha ini, hushusha sukari na kutuliza tumbo. Je, nitengeneze nyumbani, ninunue ya chupa, au niendelee na togwa tuliyoizoea? Gharama si kikwazo. Ninachotafuta ni afya.

Binti_Kibosho: Hujatuambia ni nani atakayekunywa, wala ana umri gani, wala anatumia dawa gani. Hujasema utatumia chombo cha aina gani na maji ya wapi. Mjamzito au mtu mwenye kinga dhaifu hashauriwi kunywa kombucha ya nyumbani kabisa, kwa hiyo tueleze kwanza.

Mchachuaji_Moshi: Mimi nasimama na ya nyumbani. Kwa kila lita ya maji yaliyochemka weka gramu 5 hadi 8 za majani ya chai na gramu 50 hadi 100 za sukari, uchuje, uache ipoe kabisa, ndipo utie utando na chai chachu kiasi cha sehemu moja ya kumi, kisha ufunike kwa kitambaa safi kinachopitisha hewa. Hamira hugeuza sukari kuwa alkoholi na gesi, na bakteria huigeuza alkoholi hiyo kuwa asidi ya siki. Huku Moshi juma moja linatosha wakati wa joto, lakini Arusha mwezi wa saba huenda ukasubiri majuma mawili. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, mwaga vyote pamoja na utando wenyewe. Ya dukani mara nyingine imepashwa moto ili isiendelee kuchacha, na hapo vile vijidudu unavyovilipia vimekwisha kufa.

Mama_Majengo: Suala la chombo msilipite haraka. Wifi yangu alitengeneza kombucha nyingi kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe, na kwa kuwa mitungi ya kioo haikutosha, sehemu moja aliiweka katika ndoo ya bati. Ilikaa humo siku kadhaa, ikawa na ladha ya chuma ambayo kila mtu alidhani ni ukali wa kawaida. Waliokunywa kutoka katika ndoo ile walianza kutapika kabla hata chakula hakijaisha, na wawili wakapelekwa zahanati usiku huo; waliokunywa ya kwenye kioo hawakupata tatizo lolote. Mganga alitueleza kwamba asidi huyeyusha zinki iliyopakwa kwenye bati. Vyungu vilivyopakwa rangi ya kung'aa navyo viepukwe, kwa sababu vingine vina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Tumia kioo, basi.

Mkazi_wa_Njiro: Nashukuru, mama. Atakayekunywa ni baba yangu mzazi. Ana kisukari na anameza vidonge kila siku. Mtungi ni wa kioo, na maji ni ya kisima cha hapa nyumbani.

Binti_Kibosho: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha sukari ya asubuhi ikishuka kwa watu wenye kisukari waliokunywa kombucha kwa wiki 4, lakini walikuwa watu 12 tu, na watafiti wenyewe waliuita wa majaribio. Habari ya kusafisha ini haina ushahidi kwa binadamu. Tena kombucha iliyotolewa mapema hubaki na sukari nyingi, na wewe nyumbani huna namna ya kujua imebaki kiasi gani. Baba asipunguze kidonge hata kimoja, na daktari wake aulizwe kabla ya glasi ya kwanza.

Mwalimu_Sakina: Maji ya kisima nayo yapimwe. Visima vingi vya miteremko ya Mlima Meru vina floridi, madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi, inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na majani ya chai yenyewe yana floridi. Kuchemsha hakuiondoi, kuchachusha hakuiondoi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa ni afadhali.

Mchachuaji_Moshi: Basi hata togwa ikipikwa kwa maji hayo ina floridi! Na kimea hugeuza wanga kuwa sukari, kwa hiyo kwa mwenye kisukari togwa si kimbilio.

Mama_Majengo: Togwa isiyotiwa sukari, kikombe kidogo, pamoja na chakula, siioni kuwa sawa na chai iliyomiminiwa sukari. Mimi ningempa mtindi usio na sukari.

Mkazi_wa_Njiro: Baba ni Msabato na hagusi pombe. Alkoholi iliyotajwa hapo juu hufikia kiasi gani?

Mchachuaji_Moshi: Marekani, kinywaji kisichohesabiwa kuwa pombe hakipaswi kufikia asilimia 0.5. Ya nyumbani inaweza kupita hapo, hasa ikifungwa katika chupa na kuachwa kwenye joto. Mweleze mzee waziwazi, aamue mwenyewe.