Malisho yamegandamana, trekta ipo: nifunge sabsoila au rola ya miiba?

mfugaji_mteremkoni:
Wadau heshima kwenu. Nina eneo la malisho limechungiwa miaka mingi bila kupumzishwa, sasa hivi mvua ikinyesha maji yanatuama juu hayaingii, jua likiwaka udongo unakuwa mgumu mpaka jembe linadunda. Nyasi zimedumaa, magugu ndo yanashamiri. Trekta ninayo, hosipawa 45, ina haidroliki ya kawaida nyuma. Mmoja ananiambia nifunge sabsoila, lile jino refu la chuma, nipasue mpaka chini kabisa, mwingine anasema tafuta rola yenye miiba, lile pipa linalobingirika likitoboa udongo, mwingine anasema piga plau uoteshe upya. Plau sitaki maana kuna mteremko, nikifunua udongo wote mvua itanibebea. Mnanishauri nini?

Jembe Kali:
Mkuu usifunge kitu chochote kwanza. Chukua sepetu chimba shimo kama nusu mita kwenda chini, sehemu mbili tatu, na moja chimba pembeni kabisa ya fensi ambako ng'ombe hawapiti ili uwe na cha kulinganisha. Ukuta wa shimo uchokonoe na ncha ya kisu kuanzia juu ukishuka. Pale kisu kinapogoma angalia mizizi, utaikuta inashuka vizuri halafu ghafla inapinda na kutambaa pembeni, na udongo wa hapo ukiubandua unatoka vipande bapa kama sahani. Pima hapo ni sentimita ngapi toka juu. Hicho kipimo ndo kinachokuchagulia mashine, siyo mtu wa dukani. Kwa kawaida kwato zinagandamiza pale juu tu, sentimita 5 mpaka 15 hivi. Ukikuta tabaka gumu liko 25 au 35 hapo ng'ombe hawahusiki, ni plau za zamani au magurudumu ya mashine nzito.

fundi_zana:
Naunga mkono hapo juu na naongezea upande wa mashine. Sabsoila ni ya ugumu wa chini. Kwa hosipawa 45 panga jino moja tu, ukifunga mawili trekta itasota na magurudumu yakiteleza ndo yanazidi kugandamiza. Jino lipite chini kidogo ya tabaka gumu, sentimita 3 mpaka 5 inatosha, kwenda chini zaidi ni kuchoma dizeli bure. Tafuta lenye shina jembamba na diski ya kukata nyasi mbele yake, hapo majani yanabaki wima unaona mstari tu. Fuata kontua, yaani kata mteremko kwa usawa, usipige kushuka mteremko maana kila mstari utakuwa mfereji.

Lakini kubwa kuliko yote ni unyevu. Chota udongo wa kina kile jino litakapopita siyo wa juu, uviringishe mkononi. Ukivutika ukawa kamba nyembamba subiri kwanza, maana jino litakata kama kisu kwenye siagi na kulainisha kuta za mpasuko bila kuvunja kitu. Ukimeguka meguka, twende kazi. Watu wengi wanasema sabsoila haisaidii kumbe waliingiza kwenye tope.

Mama Lusini:
Mwanangu mashine inafungua mlango tu, mizizi ndo inayoushikilia usifunge tena. Ukishapasua halafu kesho yake ukarudisha mifugo, hasa mvua ikiwa inanyesha, udongo ule uliolegea unagandamana haraka kuliko mwanzo. Upumzishe mpaka nyasi zijae na mizizi ishuke. Panda na mikunde yenye mzizi mrefu, mfano lusini kama udongo wako hautuamishi maji na siyo wa asidi sana. Halafu kuna wanaokimbilia kumwaga jasi, hiyo inasaidia udongo wenye sodiamu nyingi, kwingine usitegemee iondoe ugumu wa kwato. Na wagawie ng'ombe vipande, udongo ukiwa umelowa wakae sehemu moja uliyoamua kuitoa mhanga kuliko kuharibu shamba zima.

mfugaji_mteremkoni:
Asanteni sana nimechimba. Ugumu unaanzia karibu juu kabisa unaishia kama sentimita 12, chini yake ni laini na kuna matundu ya nyungunyungu. Pale kwenye fensi kisu kinazama bila shida. Kwahiyo sabsoila niachane nayo? Na hii rola wanasema inajazwa maji, ya nini?

fundi_zana:
Achana nayo kabisa, chini kwako hakuna ugumu, usikuguse. Rola ya miiba ndo yako, na maji ni ya kuongeza uzito maana ile miiba inazama kwa uzito tu, haina kingine cha kuisukuma. Anza bila maji, pita mita chache, shuka upime tundu limezama kiasi gani, ikiwa haifiki 12 ndo unajaza. Udongo uwe na unyevu kidogo, ukiwa mkavu sana miiba inaishia kukwaruza juu, ukiwa tope inatoka na mabonge. Na kwenye kona inyanyue na haidroliki kabla hujakata usukani, ukigeuka ikiwa imezama inang'oa nyasi na inapinda miiba.

Mama Lusini:
Na mbegu za mikunde zimwage siku hiyohiyo baada ya rola kupita, yale matundu bado yako wazi.