Bath au York: wikendi ya marafiki wanne

Binti Pangani
Habari zenu akina dada. Sisi ni marafiki wanne tunaoishi London, na kwa kuwa mwenzetu mmoja amemaliza mwaka mzima akimuuguza mama yake, tumeazimia kumtoa nyumbani siku mbili, tumpeleke katika mji wa kale ambako atapumzika na kuzungumza nasi bila kuangalia saa. Tunachagua kati ya Bath, takriban saa moja na nusu kwa treni kutoka Paddington, na York, saa mbili hivi kutoka King's Cross. Mmoja wetu anaumwa magoti, na wawili tunavaa hijabu.

Mama Nuru
Nendeni York. Kuta zake zina urefu wa kilomita 3.4 hivi, na ukitembea juu yake unaliona kanisa kuu la Minster kila unapogeuka. Mtaa wa Shambles, uliokuwa wa wauza nyama, ni mwembamba kiasi kwamba ghorofa za juu zinakaribia kugusana, na nje ya baadhi ya maduka bado zipo kulabu za kutundikia nyama. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja ataielewa haraka mitaa hiyo.

Zuhura wa Leicester
Mama Nuru, uzuri wa York siupingi, lakini suala la magoti umelipita. Kuta hupandwa kwa ngazi za mawe, na kuna sehemu ambazo upande wa ndani hauna kizuizi. Bath nayo ina vilima, ila hilo lina dawa: chukueni teksi hadi Royal Crescent, safu ya nyumba 30 zilizojengwa kwa umbo la mwezi mwandamo kati ya 1767 na 1774, kisha mteremke polepole kuelekea mjini. Kwenye mabafu ya Warumi haogi mtu, lakini maji hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 46, na asubuhi ya baridi mvuke hutanda juu ya bwawa la kijani hata nguzo za ng'ambo zikafifia. Mwishoni mwa ziara mtaonjeshwa maji yenyewe. Ni vuguvugu na yana ladha ya chuma.

Bi Mwanaidi
Kuhusu hijabu, fahamuni kwamba katika Thermae Bath Spa, bwawa la kisasa la maji moto lililofunguliwa mwaka 2006, wanaume na wanawake huoga pamoja. Sishauri mgawanyike, wawili majini na wawili mkahawani, kwa sababu safari hii ni ya kukaa na mwenzenu. Badala yake fikeni Fairfield House, nyumba aliyoishi Mfalme Haile Selassie uhamishoni kuanzia 1936 hadi 1940, ambayo baadaye aliitoa kwa mji wa Bath kwa ajili ya wazee. Nilisimama langoni kwake muda mrefu, nikiwaza majira ya baridi manne mbali na Addis Ababa.

Binti Pangani
Ahsanteni sana. Tutakwenda Bath, bwawa la kuogelea tutaliacha, na Jumamosi asubuhi tutawahi mabafu ya Warumi kabla watu hawajajaa. Mama Nuru, York tutakwenda magoti yakipata nafuu, nawe utuongoze.