Wapiga kasia wa Kigoma: tushuke makorongo au twende maji ya kasi?

Kasia_Katonga: Wakuu, habari za jioni. Mwaka wa nne huu napiga kasia kati ya Katonga na Bangwe. Juni mpaka Agosti upepo wa kusi ukikaza, kayaki inalala ndani. Natafuta mchezo wa miezi hiyo. Nimebaki na mawili: Jinja, Uganda, nikajifunze kayaki ya maji ya kasi kwenye Nile, au kanyoningi, ule wa kufuata mto ndani ya korongo kwa kamba, kuogelea na kuruka. Kipi kinamfaa mpiga kasia?

Mkondo_Ilagala: Jinja, kaka. Kasia unalijua tayari. Maporomoko ya Bujagali yalimezwa na bwawa, ila chini yake Nile bado ina maji ya kutosha kukufundisha. Usijaribu kujifunzia Malagarasi, mamba na viboko wapo.

Binti_Ujiji: Mimi nimeshuka makorongo kisiwani Réunion mara tatu, na mara ya kwanza nilikosea kwa sababu ya uzoefu wa ziwani. Ziwani ukichoka unageuza chombo ufukweni. Korongoni, mkishavuta kamba baada ya poromoko la kwanza, hakuna kurudi juu. Mtatokea chini.

Halafu jaketi la kujiokolea. Sisi tunaliamini sana. Lakini ukining'inia kwenye kamba huku maji yanakupiga kichwani, huelei, umefungwa. Ndiyo maana poromoko likiangukia kwenye kidimbwi, kamba inapimwa iishie pale pale usawa wa maji, na ncha yake haifungwi fundo. Unapitiliza ncha, unaogelea zako. Wapanda miamba mikavu hufunga fundo ili wasianguke kamba ikiisha. Hapa fundo hilo hilo linaweza kukushikilia majini mpaka uzame.

Kasia_Katonga: Dada, hili la fundo sikulijua kabisa. Kwa hiyo uzoefu wetu haufai kitu?

Binti_Ujiji: Unafaa sana, macho hasa. Mpiga kasia anaona maji yanapojizungusha chini ya poromoko na yanapopenya chini ya mwamba, wakati mgeni anaona povu tu. Makorongo hupimwa kwa herufi mbili: v ni ugumu wa kamba, a ni ugumu wa maji, kila moja 1 mpaka 7. Sisi hukimbilia a kubwa kwa kuwa maji tumeyazoea. Anza v2 a2, na kiongozi anayelijua korongo hilo.

Mzee_Kibirizi: Wanangu, angalieni mawingu ya mlimani, si ya hapo mlipo. Mvua ikinyesha juu, mto unajaa huku kwenu jua linawaka, na korongoni hamna pa kukwepea. Kiangazi ndiyo majira yake.

Mkondo_Ilagala: Shikamoo mzee. Na poromoko la Kakombe pale Gombe? Ni karibu.

Binti_Ujiji: Pale ni hifadhi ya taifa, unaingia na mwongozaji kutazama. Msifunge kamba bila kibali. Poromoko la Kalambo nalo, kule mpakani na Zambia, linazidi mita 200, msilifikirie.

Kasia_Katonga: Basi nauli ya Jinja nitaiweka kando kwanza. Nianze kamba kwenye mwamba mkavu, nipate mwalimu wa kunisimamia. Dada, suti ya maji ya unene gani?

Binti_Ujiji: Milimita 5, ya mwili mzima. Na kofia ngumu ile ya kayaki usiitumie kabla mwalimu hajaikagua.