Naomba ushauri: mwanangu na Tisa Desemba

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Niko Ngamiani, Tanga. Kijana wangu wa kidato cha pili anasema Tisa Desemba kwake ni siku ya kulala tu, uhuru haumpi mtu ajira. Kwenye ajira sina la kumjibu, kweli tupu. Ila marehemu babu yangu alikata mkonge shamba la Mzungu, viganja vikakakamaa kama gome, na mwaka 1961 alikesha akingoja bendera ya Mwingereza ishuke. Nawaza kumpeleka Pangani, alikonyongwa Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, Desemba 1889. Je, nianzie huko, au nimtafutie mzee aliyeuona usiku ule amsimulie? Mihadhara yangu ameshaichoka, nikikohoa tu anavaa hedifoni.