Makala ndefu kwenye simu: nipange vipi ukurasa ili msomaji asikimbie?

MwanaKibokoni

Assalam aleikum wana ukumbi. Nina makala kuhusu Mji wa Kale wa Mombasa: milango ya nakshi, Ngome ya Yesu, vyakula vya barazani. Kila moja ina maneno kama 1,500. Wasomaji karibu wote wanafungulia simuni kupitia linki za WhatsApp, na wengi huondoka kabla ya nusu. Kwa sasa mistari imelingana kingo zote mbili kama gazeti, maandishi ni ya kijivu, kichwa ni kikubwa cha pikseli 40, na picha nimezipandisha vile zilivyotoka kwenye simu. Madoido siyataki, nataka ukurasa unaosomeka na unaopendeza. Nianzie wapi?

FundiKurasa

Wa aleikum salaam. Anza na maandishi, ndugu yangu. Ukurasa wenye picha nzuri na maandishi yanayoumiza macho hausomwi.

Simu nyingi, kwa hesabu ya kivinjari, zina upana wa pikseli 360 hivi. Toa 16 kila upande, zinabaki 328. Herufi za ukubwa wa pikseli 17 huchukua wastani wa nusu ya ukubwa huo kwa upana, kwa hivyo mstari mmoja unabeba herufi 38 tu. Na Kiswahili kina maneno marefu. Weka "wafanyabiashara" na "walivyoshughulikiwa" kwenye mstari wa herufi 38, kisha ulazimishe kingo zilingane: kivinjari kitatawanya nafasi tupu baina ya maneno mawili matatu, na aya itatoboka matundu. Gazeti huponea kwa kukata neno kwa kistari mwishoni mwa mstari. Kwako wewe, panga kushoto basi, kulia kuachie.

Hesabu hiyohiyo inakihukumu kichwa chako cha 40. Kwa ukubwa huo mstari unabeba herufi 16, na "wafanyabiashara" peke yake lina 15. Likikolezwa wino, linatoka nje ya skrini na ukurasa mzima unaanza kuyumba kushoto na kulia. Shusha hadi 26 au 28.

Rangi: kijivu cha #999999 (hiyo ni namba ya rangi kwenye kurasa za wavuti) juu ya nyeupe kina utofauti wa mwanga wa 2.8 kwa 1, ilhali kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazofikika na kila mtu, kwa maandishi ya kawaida ni angalau 4.5 kwa 1. Tumia #333333, inapita 12. Fikiria mtu anayesoma kwenye matatu saa saba mchana, jua linampiga skrini. Kijivu chako hakionekani kabisa.

Kimo cha mstari, yaani nafasi toka mstari hadi mstari, kiwe 1.5 au 1.6 ya ukubwa wa herufi. Kwa wanaosomea kompyuta, bana safu isizidi pikseli 650 hivi, la sivyo jicho linapotea likirudi kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata.

Vichwa vidogo weka kila baada ya maneno 200 hadi 300, na kila kimoja kiseme jambo. "Utangulizi" hakimwambii mtu chochote. "Mlango ulitangaza hadhi ya mwenye nyumba" kinamzuia aliyekuwa anapitisha kidole tu. Vitengeneze kwa ngazi ya kichwa ndani ya kihariri, usikoleze wino tu, kwa sababu programu za kuwasomea wasioona hutegemea ngazi hizo kuruka sehemu hadi sehemu.

Bi_Lenzi

Nakubaliana na Fundi, ila picha zisingoje sana, maana huenda ndizo zinazowafukuza watu kabla hata maandishi hayajaonekana. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 huwa na megabaiti 3 hadi 5. Weka sita, na umemlia msomaji bando lake kwa makala moja.

Fungua Squoosh kwenye kivinjari, ni programu ya kupunguza uzito wa picha, na ni ya bure. Punguza upana hadi 1,200, chagua WebP (aina ya faili nyepesi ya picha), ubora 75. Mara nyingi utapata kilobaiti 100 hadi 250, na kwa macho hutaona tofauti. Picha ikiwa na nakshi nyingi ndogondogo faili itakuwa nzito zaidi. Hapo shusha upana kwanza, ubora uuache, kwa sababu ubora ukishuka sana nakshi ndizo za kwanza kuvurugika.

Andika upana na kimo cha kila picha kwenye msimbo (HTML) wa ukurasa. Usipoandika, kivinjari hakijui kitenge nafasi gani, na picha ikishuka maandishi yanaruka chini wakati mtu yuko katikati ya sentensi. Picha za chini zipakiwe pale msomaji anapozikaribia, lakini ile ya juu kabisa usiicheleweshe hivyo.

Kwa milango: vichochoro ni vyembamba, na kishawishi ni kutumia lenzi pana ya 0.5. Usitumie. Inapinda miimo, mlango unaonekana umevimba. Simama umegusa ukuta wa pili, tumia 1, na kama mlango hauingii wote, piga nusu yake au kizingiti cha juu peke yake. Jua la adhuhuri hukata mlango vipande viwili, juu peupe na chini peusi. Ngoja kichochoro kizima kiwe kivulini. Ngome, upande wa bahari, ipige asubuhi jua likiwa linaiangalia.

Na dada, kina mama waliokaa barazani waombe ruhusa kwanza. Picha za nyumba za watu zifute pia taarifa za mahali zilizojificha ndani ya faili.

MwanaKibokoni

Shukran sana nyote. Maswali mawili: WhatsApp inaonyesha picha nisiyoitaka kwenye linki. Na je, picha nyingi niziweke kwenye fremu moja ya kutelezesha?

FundiKurasa

WhatsApp husoma og:image, yaani tagi kwenye msimbo wa ukurasa inayotaja picha ya kuonyeshwa na linki. Tengeneza JPEG ya 1,200 kwa 630, chini ya kilobaiti 300. Kitu muhimu kikae katikati, kwa sababu pengine hukatwa mraba. Ukibadilisha picha na ya zamani iking'ang'ania, ipe faili jina jipya, kisha mwishoni mwa linki ongeza ?v=2.

Fremu ya kutelezesha, hapana. Picha ya pili na ya tatu hujificha na wengi hawazifikii, halafu uzito wake uko palepale. Chagua nne au tano, kila moja ikae chini ya aya inayoizungumzia.

Bi_Lenzi

Ningeongeza maelezo chini ya kila picha, maana hayo husomwa hata na asiyesoma aya. Usiandike "Ngome ya Yesu" ukaachia hapo. Andika: "Ngome ya Yesu, upande wa bahari. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596." Herufi ziwe za ukubwa wa 14, rangi ileile ya maandishi, usirudi kwenye kijivu.