Tupeane uzoefu: Unconquered (1947), jicho liangalie wapi?

Mwenye Skrini
Wakuu, hii ni filamu ya Cecil B. DeMille, dakika 146: Gary Cooper na Paulette Goddard katika nyika za Pennsylvania mwaka 1763. Fedha zimemwagwa, upuuzi umejaa, na bado inapendeza. Wajuzi, mwageni nondo.

Kanda Tatu
Anza na mtumbwi. Wanafukuzwa mtoni, maporomoko yako mbele, Cooper anadaka tawi na wote wawili wanabembea hadi nyuma ya pazia la maji. Mkono wa binadamu hauwezi hilo, lakini kwa ufundi ni darasa zima.

Kwenye picha za karibu waigizaji wako studio. Mto ulishapigwa picha kwingine, sasa unarushwa kwenye skrini kutoka nyuma yake. Shughuli iko kwenye mwanga. Kamera ya Technicolor (mfumo wa filamu za rangi) ya enzi ile iligawa mwanga kwa prizimu, kioo cha kupasua mwanga, ili ufike kwenye negativu tatu, yaani kanda tatu za kunasia picha. Kila moja ilipata kidogo, hivyo seti ilidai taa kali mno. Taa hizo zikiigusa skrini, mto unapauka. Ukiwaweka waigizaji mbali na skrini ili kuinusuru, mandhari inafifia ukungu.

Paramount, chini ya fundi Farciot Edouart, walikuwa na projekta ya vichwa vitatu: nakala tatu za picha ileile zinarushwa mahali pamoja ili mwangaza uongezeke. Zikipishana kidogo tu, kingo za mawe zinaonekana mbilimbili. Shata za projekta na kamera (vifuniko vinavyopitisha na kuziba mwanga) nazo zifunguke kwa pamoja, la sivyo mandhari inapepesa. Edouart na wenzake waliteuliwa kuwania Oscar ya madoido maalumu kwa filamu hii, na walistahili.

Jicho Kavu
Niongezee kwa wanaotaka kugundua mwigizaji na mandhari ya skrini vilipounganishwa: tazameni kivuli usoni kinaelekea wapi, kisha kivuli cha miti nyuma. Halafu chembechembe za filamu, mandhari imepigwa picha mara mbili, kwa hiyo ni nzito kuliko ngozi ya mwigizaji.

Msoma Ramani
Upande wa historia, kuzingirwa kwa Fort Pitt, ngome ya Waingereza, na wapiganaji wa makabila ya wenyeji ni kweli, kuanzia Juni 1763. Filamu inaikomboa ngome kwa msafara wa askari waliokufa, ngoma na zumari za Uskoti zikilia ili adui adhani jeshi limefika. Hilo halikutokea.

Hila halisi ilikuwa ya Kanali Henry Bouquet wa jeshi la Uingereza, akiwa njiani kuikomboa ngome, kwenye mapigano ya Bushy Run, tarehe 5 na 6 Agosti. Majeruhi walikingwa kwa magunia ya unga. Asubuhi ya pili akarudisha nyuma sehemu ya mstari wake kana kwamba anakimbia. Washambuliaji wakaingia kwenye pengo, naye akawapiga kutoka ubavuni. Tarehe 10 akafika ngomeni akiwa na watu walio hai. Sioni kwa nini DeMille aliiacha hiyo.

Mwenye Skrini
Na Guyasuta, yule chifu wa Waseneka (kabila la wenyeji wa Amerika) anayeigizwa na Boris Karloff?

Msoma Ramani
Alikuwepo kweli, mkuu, na alikuwa mtu mzito kuliko anavyoonyeshwa. Mwaka 1753 alimsindikiza kijana George Washington kwenda kwa Wafaransa. Washington yumo pia kwenye filamu.