Mwaloni wa Kusini: tuupande umbali gani kutoka kwenye nyumba?

Mama Neema

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi na mume wangu tumehamia pwani ya Georgia, na uwanja wetu wa nyuma hauna hata mti mmoja. Tunatamani kupanda mwaloni wa Kusini, ule unaoitwa kitaalamu *Quercus virginiana*, ambao hubaki na majani mabichi wakati wote wa baridi na ambao jimbo hili liliuteua kuwa mti wake rasmi mwaka 1937. Yapo mambo mawili yanayotutia wasiwasi. Kwanza, muuzaji wa miche ametuambia kwamba mita 5 kutoka ukutani zinatosha, lakini mume wangu anaamini mizizi itakuja kuinua msingi wa nyumba. Pili, mwaloni mkubwa wa jirani yetu ulianza kupukutisha majani mwezi Machi, ukabaki mwembamba kama mgonjwa, nami nikajiuliza kama ugonjwa huo hautahamia kwenye mche wetu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Mzee wa Kivulini

Mama Neema, nianze na la jirani kwa sababu ni jepesi. Mwaloni huu haukai uchi msimu mzima kama mialoni mingine, lakini jani lake haliishi milele. Majani ya mwaka jana huanguka majira ya kuchipua, wakati machipukizi mapya yanayasukuma. Shika kitawi kimoja ukitazame nchani. Ukiona vichipukizi vimevimba na vijani vyororo vinafunguka, mti ni mzima, na baada ya wiki chache utakuwa umejivika upya.

Kuhusu umbali, mita 5 hazitoshi hata kidogo, na ninasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona mialoni mizuri ikikatwa nusu ya matawi kila mwaka kwa kosa la mtu aliyeipanda ukutani. Watu hupima mti kwa urefu, ilhali huu unapaswa kupimwa kwa upana. Aghalabu hufikia urefu wa mita 12 hadi 24, lakini matawi yake hutanda mita 18 hadi 30, na pengine kuzidi. Ule maarufu uitwao Angel Oak, ulioko Johns Island karibu na Charleston, una urefu wa takriban mita 20 tu, lakini kivuli chake kinafunika kama mita za mraba 1,600, na baadhi ya matawi yake yamelala chini kabisa kana kwamba yamechoka kujibeba. Mimi ningeacha mita 15 kutoka nyumbani, na zaidi ikiwezekana. Mizizi mingi hutambaa karibu na uso wa ardhi na kwenda mbali kupita ncha za matawi, kwa hiyo hofu ya mumeo ina msingi, ingawa kinachoathirika mapema zaidi huwa ni njia za zege.

Mpanda Kokwa

Nakubaliana na Mzee, ila ningependa kuongeza kwamba si lazima ununue mche. Okota kokwa zilizoanguka msimu wa vuli, uzitie ndani ya ndoo ya maji, na zinazoelea uzitupe, kwani mara nyingi zimeshaliwa ndani na wadudu. Zilizozama zipandwe mara moja. Hazihitaji kupitishwa kwenye baridi, na zikikauka hupoteza uhai. Niliwahi kuhamisha mche mdogo nikakuta chini yake mzizi umevimba kama kihogo kidogo. Hiyo ndiyo ghala ya wanga, na ndiyo maana mche ukikatwa au ukiungua juu huweza kuchipua tena.

Mkiamua kununua mche wa chungu, uchomoeni na kuitazama mizizi kabla ya kulipa. Iliyojizungusha ndani ya chungu isipokatwa huendelea kujikaba hata baada ya miaka mingi. Shimo lisiwe na kina kikubwa kuliko donge la mizizi, na pale shina linapotanuka kuingia ardhini paonekane. Matandazo ni mazuri, lakini yasirundikwe kwenye shina. Mwagilieni maji kwa uaminifu miaka ya mwanzo, na muupogoe kidogo kidogo ungali mchanga ili ubaki na shina kuu moja, kwa sababu mashina mawili yanayolingana nguvu ndiyo hupasuka wakati wa kimbunga.

Wa Texas ya Kati

Dada yangu, ninaishi karibu na Austin, na huku kuna kuvu inayoua mialoni hii kwa wingi. Huziba mishipa ya maji ya mti, na kwa kuwa mizizi ya mialoni iliyo jirani huungana chini ya ardhi, ugonjwa hupita kutoka mti hadi mti bila kuonekana. Vilevile hubebwa na mbawakawa wadogo wanaovutwa na utomvu wa jeraha bichi. Kwa hiyo sisi hatupogoi kuanzia Februari hadi Juni, na kila jeraha tunalipaka rangi papo hapo, majira yoyote. Alama yake ni jani ambalo mishipa yake imekuwa ya njano au kahawia huku nafasi za katikati zikiwa bado kijani. Linganisha na majani yaliyoanguka kwa jirani yako. Jani lililozeeka lote kwa usawa lisikutie hofu.

Mzee wa Kivulini

Ameeleza vizuri sana. Nisisahau jambo moja: mti utakapokua, msikimbilie kung'oa zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia kama ndevu. Ni mmea wa jamii ya nanasi, hunywa mvua na unyevu wa hewani, wala haunyonyi mti. Jimbi linaloota juu ya matawi nalo huonekana limekufa wakati wa ukame, majani yamejikunja na kuwa ya kahawia, kisha mvua ikinyesha hufunguka na kuwa kijani ndani ya saa chache. Mimi hutoka nje kulitazama kila mara.

Mama Neema

Shikamoo, Mzee, na asanteni nyote. Jana tuliokota majani ya jirani, tukakuta yamezeeka kwa usawa, na nchani mwa vitawi kuna vijani vipya. Kisha tulifunga kamba ukutani tukaivuta hadi kona ya mashariki, tukapata mita 19, mbali na njia ya zege. Tumechomeka kijiti hapo. Mume wangu ameshaandaa ndoo ya kokwa za vuli.